Namna ya kutambulisha riwaya ya upelelezi bila kumtaja muuaji

Zamu ya kutambulisha kitabu cha mwezi ikikufikia, na kitabu chenyewe kikawa riwaya ya upelelezi, ujue umepewa kazi ngumu kuliko ya mwenzako aliyeleta diwani ya mashairi au kitabu cha historia. Yeye aseme atakalo, hakiharibiki kitu. Wewe una jambo moja usilotakiwa kulisema, na kila utakachotamka kinalizunguka jambo hilo hilo. Nimeshamsikia mtu akianza tu, "Masikini, kumbe mtu mwenyewe alikuwa...", na riwaya nzima ikafia pale barazani, chai haijamiminwa.

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Kwenye klabu yetu ya wasomaji wananiita Mama Karani, na kila riwaya yenye maiti husukumiwa kwangu kwa kudhani nimezoea. Maiti hazizoeleki. Nilichokizoea ni hati ya mashtaka, na hiyo ndiyo ninayoifuata hadi leo ninapotambulisha kitabu. Hati inataja kosa, kisha maelezo ya kosa: nani, tarehe gani, mahali gani, kamfanyia nani nini. Basi. Haikuambii shahidi wa tatu atasema nini kizimbani, wala haina hukumu. Sasa iondoe jina la mshtakiwa, utabaki na utambulisho kamili wa riwaya ya upelelezi: nani kafa, wapi, lini, na kina nani wamekosa usingizi kwa sababu hiyo. Ukifika hapo funga faili.

Weka mpaka kwanza

Kabla hujaandika neno, amua ni ukurasa gani utakaokuwa mwisho wa unayoyasema, uuandike kwa penseli kwenye jalada la ndani. Mimi mpaka wangu kwa kawaida ni pale mwili unapoonekana na mpelelezi anapoingia kazini. Kilicho kabla ya hapo ni halali ya kila mtu, kwa kuwa hata mchapishaji hukitaja nyuma ya kitabu. Kilicho baada ya hapo ni mali ya msomaji. Mauaji ya pili yakitokea katikati ya kitabu, usiyataje. Watu wengi huponyokwa hapo: wanalinda mwisho kwa nguvu zote, halafu wanasema "huyu naye anakuja kuuawa baadaye", na kumbe wamemwondoa mshukiwa mmoja kwenye orodha ya msomaji.

Nitumie mfano halisi. Kitabu nilichokitambulisha ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Nilikichagua kwa kuwa ndicho cha kwanza katika mfululizo wa mpelelezi wake, Bwana Msa, na kwa klabu ambayo haijawahi kusoma upelelezi wa Kiswahili ni vizuri kuanzia pale mto ulipoanzia. Mpaka wangu ukawa huu: Unguja, mtu mwenye mali, Bwana Ali, ameuawa; mwili wake umekutwa mzimuni, mahali ambapo watu huogopa kupita na huenda kutambika; Bwana Msa anaingia, na rafiki yake Najum yuko kando yake. Sikusema zaidi. Na yanatosha, kwa sababu swali limeshazaliwa lenyewe: hapa ameua mtu au umeua mzimu? Nilipofika hapo, mzee mmoja wa klabu, mwalimu mstaafu wa Pangani, alikwishaanza kubishana na dada wa duka la dawa. Utambulisho ulikuwa umekwisha, mimi sikujua tu.

Soma mara mbili, ya pili na penseli

Mara ya kwanza soma kama mtu yeyote, udanganyike. Usipodanganyika hutajua wapi pa kuwaachia wenzako wadanganyike. Mara ya pili unakijua kisa, kwa hiyo unaanza kuona kazi ya mwandishi: wapi kaficha kitu mbele ya macho yako, wapi kampa mtu sentensi moja ya kupita ambayo baadaye inakuja kuwa nzito. Hivyo vyote vitie alama ya nukta pembeni. Nukta zina kazi moja: kukuonyesha kurasa ambazo huruhusiwi kuzigusa siku ya utambulisho, hata kwa kuzisifu. Ukisema "angalieni sana ile sura ya kikombe", umeshatoboa.

Katika usomaji huo wa pili andaa karatasi ya majina. Riwaya hizi zina watu wengi, na msomaji wa jioni, aliyechoka na kazi, humchanganya Sefu na Sudi akakasirika na kitabu bure. Lakini karatasi ya majina ni hatari kuliko hotuba, nisikilize vizuri. Kila mtu apewe mstari mmoja, urefu ule ule. Ukimwandikia mmoja mistari mitatu na mwingine neno moja, wajanja watakusoma wewe badala ya kusoma kitabu. Panga majina kwa namna wanavyotokea, si kwa uzito. Na usimwache muuaji nje ya orodha ukidhani unamficha! Klabu yetu ina fundi simu mmoja kijana ambaye hufungua kitabu, akafikia mtu asiye kwenye karatasi, akatabasamu. Kazi imekwisha.

Angalia pia majina ya udugu. Kiswahili kinakufaa sana kwa kuwa "aliyeua" halikuambii kama ni mume au mke, jificheni humo. Ila ukiteleza ukasema "mkwewe" au "shangazi" baada ya kusema "aliyeua", umemaliza kila kitu. Andika kwenye kikaratasi utakachokisoma, usitegemee ulimi.

Yapi ya kusema kuhusu mwandishi

Hapa watu huchosha wenzao. Mwaka wa kuzaliwa, shule alizosoma, vitabu vyote alivyoandika, tuzo, basi dakika zimekwisha na hakuna aliyepata hamu. Chagua mawili au matatu yanayofungua kitabu, mengine yaache.

Kwa Muhammed Said Abdulla nilichagua haya. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Nililisema hilo kwa makusudi. Mkaguzi wa afya huingia hadi uani kwa watu, huona mapipa, visima na vyoo, huona nani anaishi na nani, na huondoka bila kusema. Ukimsoma ukiwa na picha hiyo unaelewa jicho lake limetoka wapi. Baadaye akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari mwaka 1948, na kuanzia 1958 akahariri Mkulima. Hilo nalo lilifurahisha watu: mtu anayeandikia wakulima ndiye huyo huyo anayekaa kubuni mauaji.

Na la tatu ni hili: hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Tarehe hiyo usiitaje kama mapambo. Waambie wenzako maana yake: Mapinduzi ya Zanzibar bado hayajatokea, yatakuja Januari 1964. Kwa hiyo ile dunia ya mabwana wenye mashamba, watumishi, na polisi wa serikali ya kikoloni ambayo wataikuta kitabuni, mwandishi hakuikumbuka kwa mbali. Ilikuwa nje ya dirisha lake. Kijana asiyeambiwa hivyo atashangaa kwa nini watu wanaongea na tajiri kwa unyenyekevu ule, na atadhani ni udhaifu wa mwandishi.

Bwana Msa mwenyewe mtambulishe kwa kitu kimoja kinachoonekana. Mimi nilitaja kiko. Anavuta kiko na anafikiri, na haamini kwamba mzimu unaweza kushika kisu. Watakaotaka kumlinganisha na wapelelezi wa Kiingereza watamlinganisha wenyewe, usiwatafunie.

Kama kitabu chako ni cha aina nyingine, badilisha unachokisema. Riwaya ya jasusi Willy Gamba, kwa mfano Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, ni ujasusi na mbio; msomaji hakai kubahatisha nani kaua, anataka kujua kama mtu wetu atatoka salama. Hapo unaweza kumsifia shujaa, ukataja miji, ukasoma hata ugomvi mmoja mzima. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, inataka mdomo mzito kama ule wa Bwana Msa.

Kusoma kwa sauti

Hotuba yako yote haifiki uzito wa nusu ukurasa uliosomwa vizuri. Usichukue ukurasa wa kwanza kwa uvivu. Tafuta mazungumzo, mahali ambapo watu wawili wanaongea na mmoja wao anaonekana anaficha kitu, awe na hatia au asiwe. Mahakamani nimewasikia mashahidi kwa miaka mingi: anayesema uongo na anayeogopa tu hutoa jasho sawa. Waandishi wazuri wa upelelezi wanalijua hilo, na wewe ukisoma kwa sauti utawaonjesha wenzako.

Damu usiisome. Haivuti mtu, na kuna mtu utamuumiza, nitalirudia hilo hapo chini. Soma nyumbani kwanza mara kadhaa, hasa vitabu vya zamani vyenye sentensi ndefu na maneno ya Kiarabu cha Unguja. Kisha kata pale swali linapoulizwa, kabla ya jibu. Funga kitabu kabisa, kiweke mezani. Mtu akisema "endelea bwana!", usiendelee.

Maneno magumu yaorodheshe nyuma ya ile karatasi ya majina, kumi na tano yakizidi ni darasa. Na hakikisha hakuna neno lililoingia humo kwa sababu ya sura ya mwisho.

Kuna sentensi mbili nimezipiga marufuku klabuni. Ya kwanza ni "mwisho utakushangaza". Ukishamwambia mtu hivyo, anaacha kusoma hadithi anaanza kuwinda mshangao. Kila mtu mpole kitabuni anamtilia shaka, na kwa kawaida anampata. Ya pili ni "mimi nilijua mapema sana". Hiyo haimsaidii yeyote isipokuwa msemaji. Na kama una uso usioweza kutunza siri, na wapo watu wa hivyo, siku wenzako wanapobashiri shika birika la chai, kuwa unamimina.

Jambo la kushughulikia kabla ya siku yenyewe

Kwetu sisi tunaosoma, kifo cha kitabuni ni fumbo. Kwa aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama akingoja kesi ya nduguye, si fumbo. Kesi ya mauaji huku Bara huanzia mahakama ya chini, na mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Inangojewa Mahakama Kuu. Familia huja, husikia "upelelezi haujakamilika", kesi huahirishwa, hurudi, husikia hilo hilo. Nimewaona akina mama wakija na kitenge kile kile kila tarehe. Watu hao wapo mitaani mwetu, na wanasoma vitabu.

Kwa hiyo ukishachagua riwaya, pitia majina ya wanaklabu kimoyomoyo. Kama yupo unayejua amefiwa kwa njia hiyo, mfuate nyumbani au mpigie, usimtumie ujumbe wa kikundi. Mwambie: dada, kitabu cha mwezi huu kina mtu aliyeuawa kwa namna hii, kina hiki na hakina hiki, wewe waonaje? Akisema mwezi huu atapumzika, asiulizwe na mtu. Kwa wengine wote inatosha kusema mwanzoni mwa utambulisho kama kuna ukatili kwa watoto au kwa wanawake, bila kusema ni ukurasa gani wala ni nani. Hilo halitoboi siri yoyote. Kitabu kizuri kinastahimili kuonywa.

Na wewe unayejua mambo ya polisi au hospitali, jizuie. Siku ya utambulisho si siku ya kusahihisha. Mimi kila nikimwona mpelelezi wa kitabuni anaokota ushahidi kwa mikono mitupu akautia mfukoni, mwili unanisisimka. Na majeruhi anayetibiwa bila mtu kuuliza PF3, ile fomu ya polisi, imejazwa wapi, huyo simwamini kabisa. Lakini nayaweka hayo hadi siku ya mjadala, wakati wote wamemaliza. Hapo ndipo yanapoleta raha. Muuguzi wetu aliwahi kutuchambulia majeraha ya riwaya nzima, vitumbua vikapoa.

Nakala, tarehe na bahasha

Riwaya za zamani hazipatikani kila duka. Tangaza kitabu mapema, mwezi mmoja kabla ya kuanza kukisoma, ili watu wapekue maktaba ya mkoa, wauza vitabu vya mitumba, na makabati ya baba zao. Nakala zikiwa chache, gawanyeni wasomaji wawili wawili wanaokaa jirani. Kwetu Ngamiani hugawana kwa barabara, wa Barabara ya Nane na wa Tisa nakala moja. Usikubali kuanzisha mtindo wa kupiga picha kurasa zote na kuzirusha kikundini. Vitabu hivi vina wenyewe, na ukitaka vichapwe tena inabidi vinunuliwe.

Mwezi ugawe mara mbili tu. Nusu ya kwanza iishie mahali ambapo washukiwa wote wameshaonekana lakini hakuna aliyesafishwa. Mahali hapo utapajua kwa zile nukta zako. Siku ya kukutana katikati ya mwezi, kila mmoja aandike jina la anayemshuku na sababu moja, atie kwenye bahasha ya kaki, alambe, aandike jina lake juu. Sababu ni lazima. Jina bila sababu ni bahati nasibu. Bahasha zifunguliwe siku ya mjadala, mmoja mmoja asomewe mbele yake, na hapo hata watu wakimya huongea, maana inabidi wajitetee.

Ujumbe wa kutangaza kitabu kwenye kikundi uwe mfupi. Huu ndio niliotuma mimi, ukitaka uubadilishe majina tu:

"Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu wasomaji. Kitabu chetu cha mwezi ujao ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Unguja, mtu mwenye mali amekutwa ameuawa mzimuni. Wapo wanaosema hakuna haja ya kumtafuta binadamu. Bwana Msa anaona ipo. Kina maiti, hakina ukatili wa kuelezwa kwa kirefu. Karatasi ya majina nitaigawa Jumamosi. Mwenye nakala nyumbani aseme, mwenye kuijua siri asiseme."

Huo mstari wa mwisho si utani. Katika kila klabu kuna waliosoma kitabu zamani, wengine shuleni, na hao ndio wanaohitaji kazi zaidi kuliko wote, maana ulimi unawawasha. Usiwafukuze na usiwabembeleze. Wape bahasha wazitunze. Waambie kazi yao mwezi huu ni kusoma upya na kuhesabu ni mara ngapi mwandishi aliwaonyesha jibu wakapita, nao watakuja na karatasi zilizojaa. Na kwa anayeshindwa kabisa kujizuia tuna adhabu: atakayetaja jina la muuaji kabla ya siku ya mjadala ndiye atakayenunua vitumbua vya kikao kizima, na kitabu cha mwezi unaofuata atakitambulisha yeye.